Ulezi Usio na Mchanga

Mwezi wa nane mwaka huu nilikuwa na magunia kumi na saba ya ulezi ndani ya nyumba, ulezi safi, usio na chembe ya mchanga, na hakukuwa na mtu Dar es Salaam aliyekuwa tayari kuutia mdomoni. Maksai wangu nilikuwa nimeshawauza ili niununue. Msimu wa kulima ulikuwa umebakiza miezi mitatu.

Kosa lilikuwa langu. Nitalieleza lilivyokuwa, bila kulipunguza.

Mimi nauza vitu kwa simu. Nilianza na kava za simu na chaja, hapa hapa Sumbawanga mjini. Napiga picha, naweka mtandaoni, mtu anapiga, nampelekea kwa pikipiki. Ilikwenda miezi miwili, halafu kila mtaa ukawa na muuza kava. Nikahamia viatu vya mtumba. Miezi miwili tena. Nikashuka ziwani Kirando kuchukua dagaa na migebuka ya kukausha, nikawa natuma Dar kwa basi. Hiyo ilidumu kidogo, mpaka siku moja nikaona picha ya dagaa wangu kwenye ukurasa wa mtu nisiyemjua. Nilijua ni picha yangu kwa sababu kidole changu kilikuwemo, hiki chenye kovu la panga. Kidole changu kinauza dagaa wa mtu mwingine.

Mke wangu Kalista alicheka mpaka akakaa chini.

"Mdai akulipe mshahara wa kidole chako," alisema.

Mimi sikucheka. Kitu kinachouzwa na kila mtu kina faida ya siku ile ya kwanza tu. Nilikuwa natafuta kitu kidogo, chenye wateja wachache wanaokihitaji kweli kweli, ambacho jirani hawezi kukipiga picha kikawa chake. Nilikitafuta nikiwa naendesha, nikila, nikiwa kanisani. Nilikuwa naanza chai naiacha. Naingia ndani, natoka, naangalia simu, naiweka, naichukua tena.

"Baba Justa," Kalista alikuwa akiniuliza, "hivi kiti kikikuona kinawaka moto?"

Kitu chenyewe kilinijia bila kukitafuta. Nilikuwa na mteja wa dagaa Dar, anaitwa Jane, muuguzi, ana mtoto wa miezi minane. Mwezi wa tano nilimtumia mzigo wake, nikaongeza kilo mbili za ulezi kama nyongeza, kwa sababu alikuwa analipa vizuri na haulizi maswali. Wiki moja baadaye akapiga.

"Kaka Adolfu, ule ulezi umeutoa wapi?"

"Kwa mama mkwe wangu, Mpui. Una nini?"

"Hauna mchanga."

"Ulitaka uwe nao?"

"Usinitanie. Hapa nikinunua ulezi naosha maji saba, na bado uji unakwaruza menoni. Mtoto anatema. Huu nimeosha mara moja, basi. Unao mwingine?"

Nilisema ninao. Sikuwa nao. Kufikia Jumamosi wanawake kumi na mmoja walikuwa wameshaniandikia, wote wana watoto wadogo, wote wanauliza swali moja: hauna mchanga kweli?

Mtu asiyelima ulezi hajui shida hii. Punje yake ni ndogo kama mchanga wenyewe, kwa hiyo chekeche haiwezi kuvitenganisha. Ukipura kwenye udongo mtupu, mchanga ukishaingia umeingia. Siku hizi wengi wanapura kwenye turubai. Fimbo zinalitoboa, miguu inaleta vumbi, na ulezi unatoka vile vile.

Wa mama mkwe wangu, Bertilla, ulikuwa hautoki hivyo kwa sababu ya uwanja wake. Kila mwaka baada ya mavuno alikuwa anachukua udongo wa kichuguu, anautwanga, anaulowanisha, anaumwaga nyuma ya nyumba na kuushindilia. Ukishakauka anausiriba kwa mavi ya ng'ombe yaliyokorogwa na maji, kwa mikono, akienda kinyumenyume. Anaacha ukauke, anasiriba tena. Mara tatu. Siku kumi na moja za kazi. Ukiisha, unang'aa kama sinia. Huwezi kukanyaga hapo na miguu ambayo hujaosha, hata ukiwa padri. Nimewahi kuona kuku akifukuzwa pale kama mwizi.

Sisi tumekua na viwanja hivyo. Kwetu mavi ya ng'ombe si uchafu, ndiyo yanayoondoa uchafu. Nalisema hili mapema kwa sababu huko mbele ndiko nilikoanguka.

Mwezi wa sita niliuza maksai wangu wawili. Niliwauza kwa Eustaki, jirani yetu, milioni mbili na laki mbili, ili ninunue ulezi mapema kabla madalali hawajapita vijijini. Kalista hakutaka.

"Tutalima na nini?"

"Mpaka mwezi wa kumi na moja nitakuwa na hela ya maksai wanne."

"Wale wawili wapo zizini, nawaona. Hao wanne wako wapi?"

"Wako Dar."

"Haya. Siku wakifika nitawakatia majani."

Tulikwenda Mpui wote wawili. Hapa lazima nieleze heshima ya ukweni kwetu. Mama mkwe humfikii ghafla. Ukifika unasimama mbali, unakohoa. Kama ameinama kwenye kazi yake, anasikia, anajinyoosha, anashusha kitenge, anajifunika kichwa. Ndipo unasogea na kusema shikamoo. Mkwe mwanaume hamtazami mama mkwe aliyeinama. Hilo hata mtoto wa darasa la pili analijua.

Nilikohoa. Mama Bertilla akajiweka sawa. Nikamsalimia, nikakaa pembeni, na maneno yakawa yanapita kwa Kalista.

Nilimweleza kwamba uwanja wake una wateja. Kwamba wanawake wa jirani walete ulezi wao, waupure pale kwa utaratibu wake, nami nitanunua laki moja na kumi kila gunia, zaidi ya bei ya dalali.

Alifikiri. Aliuliza kama Dar hakuna udongo. Kisha akamwambia binti yake:

"Mwambie mwenzio uwanja nitautengeneza mkubwa zaidi. Pesa yangu sitaki, anunue ulezi wa wenzangu. Nataka jambo moja. Asiniweke kwenye simu."

"Hawezi, mama," Kalista alisema.

"Sijakuuliza wewe."

"Siwezi, mama," nilisema mimi.

Wanawake tisa walileta ulezi. Walipura wiki mbili, wakaupeta kwa ungo, nikapata magunia ishirini. Nikachapisha mifuko elfu moja ya kilo moja moja, rangi ya kahawia, imeandikwa Ulezi wa Ufipa, Hauna Mchanga. Kilo niliuza elfu nne na mia tano. Ndani ya mwezi mmoja nilikuwa nimeuza kilo mia tatu. Watu walikuwa wananipigia kutoka Dodoma, Mwanza, mpaka Zanzibar. Mama mmoja alinitumia video ya mtoto wake analamba bakuli. Sijawahi kuuza kava ya simu mtu akanishukuru.

Nilipaswa kutulia. Mtu mwingine, angekuwa mimi, angetulia hapo.

Mwishoni mwa mwezi wa saba wakatokea wengine wawili mtandaoni, wameandika hauna mchanga. Mmoja alitumia picha ya mfuko wangu. Ulezi wao ulikuwa na mchanga kama kawaida, na wateja walioumia kwao wakaanza kuniandikia mimi kwa hasira. Tutajuaje wako ni tofauti? Wote mnasema hivyo hivyo. Wiki ile niliuza kilo sita.

Kilo sita tu, na nikawa siwezi kukaa. Jane alinishauri nisubiri.

"Kaka, aliyekula wa mchanga atarudi mwenyewe. Wape wiki tatu."

Wiki tatu. Mimi nilikuwa siwezi dakika tatu. Niliosha pikipiki mara mbili siku ile, na ilikuwa safi. Nikajiambia kwamba kinachotakiwa ni ushahidi. Wauzaji wale wanaweza kuiba picha ya mfuko, lakini uwanja hawawezi kuuiba. Nikiwaonyesha wateja uwanja wenyewe, unavyotengenezwa, ubishi utakwisha.

Asubuhi yake nikaenda Mpui peke yangu. Nilijua mama mkwe anasiriba upya sehemu iliyochimbika kwa fimbo. Upepo wa baridi ulikuwa unavuma kutoka upande wake, hakuisikia pikipiki. Niliiacha barabarani, nikapita kwenye mikaratusi, nikamwona. Alikuwa ameinama, kitenge amekifunga juu ya magoti, mikono imezama kwenye mavi mabichi mpaka viwiko, anasiriba kwa mizunguko mikubwa, anarudi nyuma, anaimba chini chini wimbo wa Kifipa wa kupura. Jua lilikuwa limegonga pale alipokwisha kupitisha mkono. Kazi nzuri kama ile sijaiona kwa fundi yeyote.

Nilitoa simu. Nilijua kabisa ninachotakiwa kufanya kwanza.

Sikukohoa.

Nikapiga dakika moja na sekunde kumi. Nikarudi nyuma kama nilivyokuja. Nilipofika mjini nikaiweka mtandaoni, na maneno haya: Hii ndiyo siri ya ulezi wetu, uwanja unasiribwa kwa mavi ya ng'ombe kama wazee walivyofanya, ndiyo maana hauna mchanga. Niliandika hivyo kwa majivuno. Nilidhani nasema kitu kizuri.

Kufikia jioni walikuwa wametazama watu elfu nane. Nikamwonyesha rafiki yangu Alphonce, fundi ujenzi, namba ile inavyopanda.

"Mshikaji, umetoboa," alisema. Halafu akaanza kusoma maoni. Akanirudishia simu.

Niliyasoma nikiwa nimesimama. Kumbe ndiyo ile ladha. Nimemnywesha mwanangu mavi mwezi mzima. Sumbawanga hamuishiwi mambo. Mmoja aliuliza, huyo bibi huwa ananawa? Lile la mwisho lilikuwa limepigiwa makofi na watu mia tisa.

Jane alipiga kesho yake.

"Kaka Adolfu, ile video itoe."

"Niitoe kwa nini? Si mlitaka kujua?"

"Sasa tumejua."

"Dada, yakikauka yale ni kama saruji. Ng'ombe anakula majani tu. Bila yale mngekuwa mnakula mchanga."

"Unanifundisha mimi? Bibi yangu kule Singida nyumba yake nzima ilisiribwa hivyo. Nimelala humo chini, nimekula humo."

"Basi waeleze wenzako."

"Niwaeleze nini, kaka? Hata mimi nilikuwa najua bila kuona. Sasa nikikoroga uji naiona ile mikono. Mtoto ananiangalia, nami nimeshika kijiko. Nirudishie hela ya zile kilo kumi. Na usinikasirikie, mimi ndiye niliyekuletea hao watu, wananiuliza mimi."

Nilimrudishia. Niliwarudishia wote waliokuwa wamelipa na hawajapokea. Video niliitoa, lakini ilikuwa imeshachukuliwa na kila mtu, kama kidole changu.

Alphonce alikuwa na wazo, na wazo lake halikuwa la kijinga.

"Mbona rahisi. Nakumwagia sakafu ya saruji nyuma ya nyumba yako. Unapiga video mpya, watu wamevaa gambuti nyeupe, unasema mmeboresha. Yale magunia kumi na saba unayauza kama yametoka hapo."

"Hayakutoka hapo."

"Nani atayauliza?"

Nilitaka kukubali. Nasema ukweli, nilikubali nusu. Alikuwa na kibaraza cha saruji kwake, tukanunua masuke kidogo ambayo hayajapurwa, tukapura pale kujaribu. Fimbo ilikuwa inagonga saruji na kuinua vumbi la kijivu. Nikapeta, nikachukua punje kidogo, nikatafuna.

Krr.

Nikampa Alphonce naye atafune. Alitafuna, akatema.

"Lakini inaonekana safi," alisema.

Niliporudi nyumbani Kalista alikuwa ameshaiona. Ilikuwa imemfikia kutoka kwa mtu wa Namanyere, ambaye hakujua kwamba yule ni mama yake. Nilitegemea apige kelele. Alikuwa anakunja nguo, akaendelea kukunja.

"Ulikohoa?" aliniuliza.

"Kalista, nilikuwa nataka—"

"Ulikohoa, au hukukohoa?"

"Sikukohoa."

Akaweka nguo zile kwenye begi badala ya kabati, akaenda kwa mama yake.

Nilikaa siku tano. Sikukaa, nilizunguka. Magunia yalikuwa yamejaza chumba cha Justa, ambaye yuko shule ya bweni, na kila nikipita mlangoni nilikuwa nayaona yamesimama kama wageni wanaosubiri chakula. Niliwaza: video ya saruji, au nimwombe mama mkwe radhi kwanza? Nikaona kwamba bila uwanja wake sina biashara, wala mke. Siku ya sita nikawasha pikipiki.

Nilisimama mbali sana, karibu na mikaratusi ile ile. Nikakohoa. Hakuna aliyetoka. Nikakohoa tena, kwa nguvu, mpaka mbwa akabweka. Nikasogea.

Uwanja haukuwepo. Palikuwa na mabonge. Ulikuwa umechimbwa kwa jembe kuanzia mwanzo hadi mwisho, vipande vikubwa vimegeuzwa chali, upande mmoja unang'aa, upande mwingine udongo mwekundu. Kuku walikuwa wanaparura katikati, hakuna anayewafukuza.

Mama Bertilla alikuwa mlangoni anapukuchua maharage. Alikuwa amejifunika kitenge kichwani na mabegani, na kingine miguuni, jua kali lile. Kalista alisimama kati yetu.

"Shikamoo, mama," nilisema.

Alipukuchua ganda moja, la pili. Halafu akasema na binti yake.

"Mwambie mwenzio apige picha sasa. Leo nimejifunika."

"Mama, nimekuja kuomba radhi. Nilikosa. Nilitaka watu waone kazi yako ilivyo safi."

Akachukua ganda lingine. Kalista akanivuta pembeni.

"Jumapili baada ya misa vijana wa kijiweni wamemwita staa," alisema. "Hajui staa ni nini. Akaniuliza. Nikamdanganya kwamba ni sifa. Akasema, mbona wanashika pua?"

"Uwanja amechimba nani?"

"Amechimba mwenyewe. Siku mbili. Nilimwomba jembe nimsaidie, akaninyima. Wenzake wamekuja kumsihi, akawaambia waende kwenye turubai kama watu wote."

"Mwakani atautengeneza."

Kalista alinitazama kama mtu anayemtazama mlevi.

"Ana miaka sabini na mmoja, Adolfu," alisema. Tangu Justa azaliwe huniita Baba Justa. "Na hukukohoa."

Magunia yale kumi na saba niliwauzia wapika pombe wa Katandala, elfu tisini kila moja. Hawakuuliza kama yana mchanga au hayana. Mama mmoja alishika punje kiganjani, akaipuliza, akasema ulezi huu ni msafi, umepuriwa wapi? Nikasema Mpui. Akasema, wale wanajua.

Sasa ni mwezi wa kumi na moja na mawingu yamejaa. Hesabu yangu ni hii.

Nimekusanya kila shilingi, nimetoa ya mifuko na ya basi, nimebaki na milioni mbili na elfu themanini. Maksai mmoja aliyefundishwa kulima leo ni milioni moja na laki tatu. Kwa hiyo ninaweza kununua ng'ombe mmoja, na ng'ombe mmoja halimi. Wale wangu wawili nawaona kila asubuhi wakipita na jembe la Eustaki.

Mifuko iliyobaki ni mia saba. Kalista amerudi nyumbani, anawekea mbegu za maboga.

Wanawake tisa wa Mpui wamerudi kwenye bei ya dalali.

Uwanja mmoja, siku kumi na moja za kazi kila mwaka, kwa miaka arobaini na tatu.

Na nimekwenda Mpui mara nne tangu siku ile. Mara zote nne nimesimama kwenye mikaratusi na kukohoa. Mara zote nne mama mkwe ameingia ndani.